Pembe Nje ya Fremu

Jumatatu, 2 Juni
Mukunde amelamba kipanya cha kompyuta sasa hivi. Nimempangusa yeye, nikapangusa na kipanya. Miezi kumi na moja tu, na tayari anapenda kazi ya mama yake!

Kazi yenyewe ni ya majaribio. Ijumaa Madamu Gahongayire ataamua nani abaki kwenye kompyuta ya duka lake la kadi, mimi au Régis. Mmoja anabaki, mmoja anaenda nyumbani. Hapa Kimisagara sijui duka lingine litakalonikubali na mtoto chini ya meza. Régis kasomea kutengeneza kadi miaka mitatu. Mimi nimeangalia video mbili. Lakini nina mpango.

Jumanne, 3 Juni
Mpango ni kadi ya gusaba, siku ya mahari, ya binti wa Mzee Kagabo. Kushoto ng'ombe wa inyambo, wale wa pembe ndefu, kulia Mzee mwenyewe, kila mmoja na fremu yake. Ila pembe za ng'ombe zitokeze nje ya fremu, kama anataka kuruka kutoka kwenye karatasi! Unaweka picha ileile mara mbili. Ya chini inakatwa na fremu. Ya juu unafuta yote, unabakiza pembe tu, unailaza sawasawa juu ya mwenzake. Saa nne nzima. Pembe ya kushoto nimeirudia mara saba.

Régis kapita nyuma yangu. Eti dada, unganisha hizo picha mbili zisije zikaachana. Nikamwambia asante kaka. Wivu! Anataka nichelewe.

Jumatano, 4 Juni
Mukunde kalia, nikampakata. Kapiga kipanya makofi mawili. Nikamsifu. Nikachapa kadi ya kuonyesha, nikaitia kwenye bahasha bila kuitazama. Mkono mmoja ulikuwa na mtoto.

Alhamisi, 5 Juni
Mzee Kagabo kafungua bahasha. Pembe zilikuwa zimehamia kulia. Zimekaa juu ya kichwa chake, na zimemkaa vizuri, lazima niseme. Ng'ombe kabaki kipara. Régis akatazama dari.

Nilijua Mzee atakasirikia kichwa chake. Wala! Aliuliza ni nani anayethubutu kumletea ng'ombe asiye na pembe. Kwao mahari ya namna hiyo inarudishwa ikiwa bado njiani. Wageni watasema binti yake kaozwa kwa mbuzi mkubwa. Nikamweleza, baba, pembe zipo, ziko kwako tu. Haikusaidia.

Régis akazirudisha kwa dakika mbili, akaunganisha, akachapa upya. Mzee akaitazama tena, akasema tangu azaliwe hajaona ng'ombe anayetoka kwenye karatasi. Madamu akauliza wazo hilo ni la nani. Régis akasema ni la dada. Mjinga yule! Mimi nisingesema.

Ijumaa, 6 Juni
Nimebaki! Madamu katubakiza wote: Régis asubuhi, mimi mchana, majaribio wiki moja zaidi. Masharti mawili: niunganishe picha, na nisimpakate mtoto nikiwa kazini. Nimekubali yote kwa moyo mmoja.

Leo ni kadi ya ubatizo. Mguu wa mtoto utoke nje ya fremu, na mkono wa padri, na mshumaa. Vitatu! Kuunganisha nitafanya mwishoni, sasa kutanipotezea muda. Mukunde yuko mapajani, katulia kama malaika, kashika kipanya tu. Nimeshachapa. Madamu ananiita kutoka kwenye mashine ya kuchapa, anauliza kwa nini padri ana mguu wa mtoto kichwani.