Presha Yangu Haiwahusu

Jumatatu, 8 Machi 2010

Nimerudi kutoka kituo cha afya cha hapa Alby, huku Sweden, na hasira zimenijaa mpaka masikioni. Daktari Gunilla amekataa kunisainia cheti! Cheti chenyewe kinataka aseme tu kwamba mimi Valéry ni mzima wa kuendesha basi. Kwani haoni? Mikono ninayo, miguu ninayo, namba ya basi naisoma kutoka ng'ambo ya barabara. Hakutazama hata kimoja. Alinifunga ule mpira wao mkononi, akaujaza pumzi, akakunja uso. Presha iko juu mno, akasema. Akapima tena. Juu zaidi! Nikamweleza kwamba imepanda kwa sababu ananiudhi. Akasema kwa upole, na huo upole wao ndio unaoniua, kwamba ningekuwa nimemeza dawa aliyoniandikia kabla ya Krismasi, leo angesaini bila maneno. Nianze sasa, kidonge kimoja kila asubuhi, nirudi baada ya wiki chache.

Thubutu! Dawa ya presha ukiianza huiachi mpaka kaburini, kwetu Bujumbura hata mtoto anajua. Halafu inammaliza mwanaume nguvu zake. Pakiti iko kwenye droo, chini ya soksi, haijafunguliwa. Itakaa hukohuko.

Tatizo ni muda. Chuo cha madereva wa mabasi kimenishikia nafasi mpaka Ijumaa ya kwanza baada ya Pasaka. Nisipopeleka cheti, nafasi anapewa mwingine, na mimi nabaki kusugua masufuria katika jiko la shule, umri huu, na aproni ya plastiki kifuani. Na kanisani nimeshatangaza! Tai ya bluu ya udereva nimeshanunua! Mke wangu Dancille aliuliza ni nani hununua tai kabla ya cheti. Kuna maswali mtu haulizwi nyumbani kwake.

Jumanne, 9 Machi

Nimepata akili. Siku hizi nchi hii mgonjwa anajichagulia kituo anachotaka. Basi nitakwenda Farsta! Farsta hakuna anayenijua. Nitaingia pale mtu mpya, mwenye afya mpya, na nitakaa kimya kabla ya kupimwa. Gunilla abaki na mpira wake.

Dancille ameanza kupika maharage bila chumvi. Kevina, yule nesi Mganda wa presha, amempigia simu kumfundisha. Nyumbani kwangu! Nimekula kwa hasira, kisha nikaongeza chumvi mwenyewe.

Alhamisi, 11 Machi

Farsta. Aibu tupu.

Daktari kijana, hereni sikioni, mchangamfu. Nikasema moyoni, huyu ndiye. Akageukia kompyuta yake, akasoma, akanigeukia akitabasamu, akaniuliza dawa ya presha inaniendeaje. Nikamuuliza amejuaje. Akafurahi kuulizwa, maskini. Akanieleza kwamba vituo vya Alby, Farsta na Akalla sasa vinafanya kazi pamoja, ni mtandao mmoja. Zamu za jioni wanapokezana. Nesi wa presha ni mmoja, Kevina, anazunguka kotekote. Na anachoandika daktari wa kituo kimoja, wa kituo kingine anakisoma palepale, ili mgonjwa asisumbuke kurudia kueleza.

Nani alilalamika kurudia kueleza? Mimi nilitaka kueleza upya! Upya kabisa!

Nikasema hii ni kuniingilia. Akasema niliulizwa na nikakubali. Kweli nakumbuka, mwezi wa kwanza mtu wa mapokezi aliniuliza jambo refu nami nikasema ja, ndiyo. Mimi kwa Kiswidi husema ja kwanza, kuelewa kunakuja baadaye. Ndivyo nilivyojikuta nimeandikishwa hata somo la kuogelea.

Kijana akapima. Juu. Akanishauri maneno yaleyale ya Gunilla, kidonge na chumvi. Ukutani kwao wamebandika picha ya madaktari watatu wameshikana mikono. Nilitamani kuing'oa.

Jumamosi, 13 Machi

Nimetulia, nimefikiri, nimewashinda. Kama wanasomeana kila kitu, basi na wasomeane! Presha yangu ikipimwa Akalla ikaonekana nzuri, Gunilla ataisoma Alby kabla sijafika, na atasaini. Mtandao wao utanifanyia kazi mimi. Kinachotakiwa ni presha nzuri. Na presha nzuri anayo Egide.

Egide tunaimba naye besi kwaya moja. Namchukia kwa haki. Kila asubuhi anakimbia kulizunguka ziwa la Alby, theluji au jua, amevaa suruali ile ya kubana mpaka wazee wanageuza macho. Kila Jumapili anatuambia ana moyo wa kijana wa miaka ishirini. Lakini tuna upara mmoja, masharubu mamoja, kimo kimoja. Yule mama wa kwenye duka la vyakula ananiita Egide mwaka wa nne sasa, na yeye anamwita Valéry. Kitambulisho changu akikishika mkononi, Mswidi gani atasema si yeye?

Nilimvuta pembeni baada ya mazoezi ya kwaya. Hakutaka. Nikampaka mafuta kidogo, kwamba moyo kama wake ni dhambi kuuficha. Bado hakutaka. Mwishowe alitaja bei yake. Solo ya Pasaka! Solo yangu, ninayoiimba tangu Alby sisi Warundi tunahesabika kwa vidole! Nimeitoa. Imeniuma hadi sasa.

Binti yangu Bella alinisikia nikipanga kwenye simu. Akaniambia kwa Kiswidi kwamba ni kosa la jinai na pia ni ujinga. Nikamwambia aende chumbani kwake mara moja. Alikuwa chumbani kwake.

Jumanne, 16 Machi

Mungu wangu.

Tumekwenda Akalla. Egide akaingia kituoni na kitambulisho changu. Mimi nikasubiri chini, kwenye stesheni ya treni, natembea huku na huku na tai yangu shingoni kwa ajili ya baraka. Nikawaza njia ya basi nitakayoiomba. Nikawaza watu wa kwaya wanapanda na mimi nawaambia waonyeshe tiketi.

Egide akashuka ngazi anakimbia. Bila koti! Uso umekuwa wa majivu. Akasema walimpima, wakapima tena, wakamwita daktari, daktari akapima mkono wa pili, akamwambia alale na asinyanyuke, gari la wagonjwa linakuja. Yeye kusikia gari la wagonjwa akaruka dirisha la uani. Kitambulisho changu kimebaki mezani kwao!

Anasema mashine yao mbovu. Nikasema ndiyo, mbovu. Halafu nikaripuka. Nimekuchagua kwa ajili ya moyo wako! Nimekupa solo yangu, wewe unanirudishia presha mbaya kuliko ile niliyokuwa nayo! Akasema nisipige kelele, kichwa kinamgonga. Kinamgonga tangu mwezi uliopita, akasema, ndiyo maana siku hizi anakimbia mara mbili, kukisafisha.

Simu yangu ikalia. Akalla. Nikakata. Ikalia tena. Alby. Nikakata. Ikalia Farsta! Siku nikiwahitaji naambiwa nipo kwenye foleni ya simu, leo wote watatu wananitafuta. Nimeizima. Tumerudi kila mtu na behewa lake.

Siku hiyohiyo, jioni

Wamekuja nyumbani! Vijana wawili na machela, na Kevina mbele yao anahema, kwa sababu lifti yetu ni ya mapambo. Majirani wote mlangoni. Wakanilaza kwenye kochi langu kabla sijamaliza kukaribisha mtu, mpira mkononi. Presha iko juu, wakasema, lakini si ile waliyoandikiwa kutoka Akalla. Ile ya Akalla ni ya mtu wa kupasuka mshipa wakati wowote.

Kevina akanitazama. Akauliza nani alikwenda Akalla. Mimi, nikasema. Akaniuliza kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayemwuliza mtoto aliyevunja sahani. Akalla wameandika kwamba mgonjwa alivaa suruali ya kukimbilia, ya kubana. Baba Bella, akasema, tangu lini? Kisha akasema hana haja ya kujua nani alitaka nini, anataka jina tu, kwa sababu huyo mtu ana usiku huu mmoja.

Naandika ukweli kwa sababu daftari hili hakuna anayelisoma. Nilikuwa nafikiria cheti. Nilikuwa nafikiria, nikisema, Gunilla hatasaini kamwe. Nikahesabu Ijumaa zilizobaki.

Dancille ndiye aliyesema. Egide, akasema, jengo hilihili, mlango wa pili, nyumba ya juu kabisa. Halafu akanigeukia akaniambia maneno ya Kirundi ambayo mama yake angemzaba kofi kuyasikia. Machela ikateremka mbio.

Walimkuta sakafuni barazani, kiatu kimoja cha michezo mguuni, anahangaika na kamba. Alikuwa anataka kwenda kukimbia. Alipoulizwa jina, ulimi ulikuwa mzito, na alichojibu ni jina langu.

Jumapili, 21 Machi

Egide yu hai. Amelazwa, anaongea vizuri, mkono wa kushoto unarudi. Madaktari wamesema angezunguka ziwa mara moja zaidi, tungekuwa tunaimba mazishini.

Kanisani mke wake Denise alinikumbatia mbele ya watu wote, analia. Akasema Egide hajakanyaga kwa daktari miaka yote ya Sweden, na asingekanyaga, kama si Valéry kumsihi na kumpeleka mwenyewe mpaka Akalla. Mchungaji akaongeza kwamba ndugu huyu alitoa hata solo yake. Watu wakapiga makofi! Nikasimama, nikapunga mkono. Nilikuwa nimevaa tai. Dancille alikuwa anatazama sakafu, na Bella alitoka nje.

Mchana nikaenda hospitali. Ala! Chumba chake peke yake. Dirisha. Zabibu. Watu wamejipanga mlangoni kumwona, na nesi anamwuliza kama mto uko sawa. Presha ile iliandikwa kwa jina langu! Mimi nilipewa nini? Maharage yasiyo na chumvi.

Jumatatu, 22 Machi

Gunilla amepiga simu. Nilijiandaa kwa vita. Hakugomba hata kidogo, jambo ambalo limeniudhi zaidi. Akasema Akalla wameyaondoa yale ya Egide kwenye habari zangu, kitambulisho changu kiko mapokezi Alby, nikachukue. Akasema kama madaktari wa vituo vitatu wasingepigiana simu siku ile, rafiki yangu asingefika jioni. Kisha akasema muda bado upo. Nikianza kidonge kesho asubuhi, Kevina atanipima kila nikipita, na huenda kabla ya ile Ijumaa ya chuo atakuwa na cha kusaini.

Nikasema ja.

Jumapili, 4 Aprili. Pasaka

Ameimba! Ametoka hospitali wiki hii, amekonda, kawekewa kiti, na ameimba solo yangu ameketi. Sauti inatetemeka na bado kanisa zima linalia. Denise analia. Mchungaji analia. Dancille amelowesha leso yangu. Mimi miaka yote naimba ile solo nimesimama wima, nani alinililia?

Baada ya ibada Egide alinishika mkono hakuuachia. Akasema Kevina amempima juzi, presha imeteremka, sasa ni ya mtoto. Ya mtoto! Dawa ni kidonge kimoja tu kila asubuhi, akasema, na hajisikii chochote kibaya. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kuhusu yale mambo ya mwanaume. Denise akacheka, akaangalia pembeni. Egide akatoa pakiti mfukoni anionyeshe. Nyeupe, mstari wa kijani. Nikamwambia naifahamu.

Jumanne, 6 Aprili

Chuo kimepiga. Ijumaa hii ndiyo mwisho. Kevina naye kapiga, akaniuliza kama nimeanza dawa. Nimemwambia watu wa mtandao wajifunze subira.

Halafu nikiwa na mikono kwenye sufuria la shule, Mungu akanifungulia. Egide! Kosa letu lilikuwa nini? Presha yake. Na sasa presha yake ni ya mtoto, wamemtengeneza wenyewe kwa dawa zao! Na kuna kituo Uppsala, nimeuliza, hakimo katika mtandao wao, hakisomeani na mtu. Safari hii hatavaa suruali ya kubana, atavaa tai yangu. Hawezi kukataa. Bila mimi angekuwa marehemu, kanisa zima ni mashahidi. Na solo sirudishi tena mezani, alishaipata.

Nimefungua droo kutafuta soksi nzuri za safari. Ile pakiti imekaa katikati, inanizuia. Nimeisukuma nyuma kabisa, ukutani.

Dancille anasema nimekuwa mwekundu wa macho. Ni hasira tu. Kichwa kinanigonga tangu juzi, na kelele za nyumba hii haziniponyi. Viatu vya zamani vya michezo viko mahali fulani barazani. Nitazunguka ziwa kidogo, kukisafisha.