Chupa Moja, Watoto Watatu

Jumanne, 8 Julai 2025

Baridi ya Mafinga imeamua kutumaliza. Pendo, kitindamimba wangu, anakohoa na mwili unachemka. Mama Fred kampeleka zahanati, karudi na chupa ya dawa ya unga, ya kukoroga na maji hadi kwenye alama. Eti nesi kasisitiza: ni ya Pendo peke yake, na aimalize hata akipata nafuu. Nimecheka kimoyomoyo. Nesi hajui kwamba kaka zake, Fred na Adrian, nao wanapiga chafya. Mimi ni fundi seremala. Ubao mmoja natoa stuli tatu, sembuse chupa ya dawa!

Jumatano, 9 Julai

Mama Fred kaenda kuvuna viazi. Nafasi hiyo! Nimeongeza maji hadi shingoni, nimetikisa, kila mtoto kijiko chake. Kwetu mtoto hali peke yake wenzake wakimtazama. Kwa nini dawa iwe tofauti? Fred kalilia kuongezwa. Tamu, eti inanukia ndizi. Jirani yangu Jailos, mjuaji wa mtaa mzima, kachungulia uani na kuniuliza udaktari nimesomea wapi. Nimemjibu kwamba wivu hauna tiba.

Ijumaa, 11 Julai

Ushindi! Homa ya Pendo imeshuka. Kacheka, kala ugali. Nimepita kwa Jailos makusudi anione nikitabasamu. Dawa nimesimamisha. Mtu aliyepona anakunywa dawa ya nini? Iliyobaki nimeificha juu ya kabati, maana mwakani baridi itarudi. Mama Fred kauliza kama nimempa mtoto dawa. Nimesema nimempa. Si uongo, jana nilimpa.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani hatukwenda. Tumeamka Pendo anahema haraka haraka, mbavu zinabonyea ndani. Hataki uji, hataki kubebwa. Mama Fred kavuta kitenge juu ya kabati, na chupa niliyoificha kaiona. Bodaboda mpaka hospitali.

Daktari Tusajigwe, binti wa Kinyakyusa, kauliza mtoto alikunywaje dawa. Nikaanza kueleza habari za baridi. Mama Fred kanikatiza: niseme ukweli, au nangoja mwanangu afe ndipo aibu iniishe? Nikasema yote. Daktari hakufoka. Afadhali angefoka. Kasema ni nimonia, na kwamba dawa ikinywewa nusunusu, vijidudu vikaidi hubaki hai na kuzoea.

Nimeshika mguu wa Pendo, wa moto. Mikono hii imetengeneza majeneza ya watoto. Vipimo vyake nimevikariri. Nimeogopa. Mungu wangu, nimeogopa kweli.

Jumatano, 16 Julai

Sindano zimefanya kazi! Pendo kaomba uji, kaumaliza, kisha kampiga nesi teke. Nimelia mbele ya wodi nzima na sijali. Daktari kaniambia: natumaini umejifunza, baba. Nimeitikia kwa heshima zote.

Na kweli, sikuitikia tu. Nimekaa kwenye benchi nje ya wodi nikitafakari kwa unyenyekevu ni wapi nilipokosea, mpaka nikapaona. Kosa lilikuwa kuanza na dawa ya kunywa. Dawa ya kunywa ni ya kubembelezea watoto. Dawa ni sindano! Jailos kanipigia simu kuulizia hali ya mgonjwa, kasema mwanawe Jofrey kaanza mafua asubuhi hii. Ugomvi wetu nimeuweka kando, mtoto ni wa wote. Nimemwambia asirudie ujinga wangu: aende akadai sindano leo leo.