Nyuso za Kulia za Ofisini

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya arobaini na moja ya ndoa. Mke wangu anashona mapazia sebuleni, mimi najibu malalamiko ya wateja chumbani. Ukuta mmoja tu kati yetu! Kila asubuhi jukwaa la kampuni mtandaoni linauliza: unajisikiaje leo? Unachagua kikatuni cha uso. Meneja ametangaza kwamba wiki ijayo atatazama nyuso, aamue nani afanyie kazi nyumbani siku zote. Nimepata akili. Jumanne na Alhamisi, siku za ofisini: uso wa kulia. Siku za nyumbani: kicheko. Nimejaza wiki nzima mapema. Ukishatuma, haubadiliki. Safi!

Jumanne, 4 Machi
Ofisi imefungwa, inapakwa rangi. Wiki hii tutakwenda Jumatano na Ijumaa. Siku ya ziada na mpenzi wangu! Tumekula viazi kwenye sahani moja. Sikukumbuka kitu kingine chochote duniani.

Alhamisi, 6 Machi
Nyumbani tena. Amenishonea kifuniko cha kompyuta kwa mabaki ya pazia. Moyo haunitoshi kifuani.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Nikiwa ofisini, Mama Utumishi, anayesimamia wafanyakazi, alimpigia simu mke wangu. Akauliza kwa upole kama ndani kuna amani, maana mumewe hulia akiwa nyumbani na hucheka akija kazini. Niliporudi, mkasi ulikuwa chini na cherehani kimya.
“Mume wangu,” akasema, “Jumanne tulipokula sahani moja, ulikuwa unalia?”
Nikaeleza hila yote, na siku zilivyobadilika. Akaokota mkasi, akasema njia ya mwongo ni fupi, Jumatatu niende nikaseme kweli. Nikaapa. Tukapatana. Hata akinuna ni mzuri.

Jumatatu, 10 Machi
Nilifika mlangoni kwa Meneja na kweli yangu mdomoni. Akawahi yeye. Akaniita kijana wangu, akanipa pole ya ndoa, akasema amenipangia siku zote tano ofisini, mwezi mzima, nipate watu wa kunichangamsha. Nilishukuru. Sijui kwa nini nilishukuru.
Siku tano! Lakini dawa ipo. Wakiona ofisi inaniliza, watanirudisha. Nimejaza nyuso za kulia za mwezi mzima na kuzituma. Mke wangu nimemwambia Meneja ana shughuli nyingi.

Jumanne, 11 Machi
Mke wangu amenipokea anarukaruka. Kumbe katika ile simu Mama Utumishi alisikia cherehani, akauliza anashona nini. Leo amempa kazi ya mapazia ya ofisi yetu. Mwezi mzima, kuanzia kesho, meza yake nyuma ya yangu! Mchana tutakula pamoja. Nimembeba nikamzungusha hadi tukagonga kabati.
Kisha nikakumbuka zile nyuso za mwezi mzima, nikamtajia.
Akaniuliza kama ile kweli nimeshamwambia Meneja. Nikajibu iko njiani. Akasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, nitaonekana nacheka na jukwaa linasema nalia.
Hilo nimeshalifikiria. Nimenunua vitunguu viwili: kimoja cha droo, kimoja cha mfukoni.