Watu Wanne wa Ziada Juu ya Paa

Jumanne, 14 Aprili
Siku ya pili juu ya paa. Maji yamefika madirishani. Tuko watatu: mimi, mke wangu na mama mkwe. Vidonge vyake vya presha vimebaki viwili, kimoja kwa siku. Hesabu hiyo hata kinyozi anaiweza.

Kinyozi ni jirani, yuko paa la pili na mkewe na watoto wanne. Saa nne droni ikapita. Sauti ya binti ikatangaza kwenye kipaza sauti kwamba mashua ni chache, paa lenye watu wengi litafuatwa kwanza. Kinyozi akapiga kelele kuniuliza kama bado namcheka kwa kuzaa kama sungura. Mtu aliyetembea miji mikubwa kama mimi hajibizani na mkasi.

Nikawaza. Nikapata! Watu si wanatengenezwa?

Jumatano, 15 Aprili
Kazi nimemaliza asubuhi na mapema. Watu wanne! Magauni ya mama mkwe kutoka sandukuni, mito ndani, ndoo kichwani, kitambaa juu ya ndoo. Mke wangu kasema nina wazimu wa kuzaliwa nao. Mama mkwe kalala chini ya turubai, hajui kuwa gauni lake la bluu liko kazini. Sisi saba, kinyozi sita. Kwaheri, kinyozi!

Droni ikaja, ikaganda juu yetu muda mrefu. Nikapunga mkono kistaarabu. Ikaondoka. Mashua ikaja... ikamchukua kinyozi.

Alasiri ikatokea mashua ndogo ya rangi ya chungwa, haina mtu ndani, inajiendesha yenyewe. Imebeba mifuko minne mirefu, myeusi, yenye zipu. Binti yule yule, kwenye kipaza sauti cha mashua, kwa upole mno, akatupa pole kwa msiba mzito. Kamera yao huona joto la mwili, akasema, na wale wanne wamepoa kabisa. Tuwasitiri, tujikaze, wanawahi kwanza mapaa yenye walio hai wengi.

Nilitaka kusema ukweli. Lakini binti alikuwa na huzuni ya kweli, ningemwaibisha. Mke wangu akapaza sauti kuhusu vidonge. Mashua ilishageuza.

Alhamisi, 16 Aprili
Kidonge cha mwisho kimemezwa. Mama mkwe hawezi kuketi wala kuongea. Mke wangu haniangalii.

Dawa ni joto! Nikajaza maji kwenye chupa, nikazianika juani. Jua hakuna. Basi nikawakumbatia wale wanne, mmoja mmoja, kwa zamu. Nikiwa na yule wa bluu, mama mkwe akafumbua macho.

Mtu aliyeshindwa kuketi akasimama! Akamvua mwenzake gauni, akalivaa, akaketi pale pale alipokuwa yule maiti, akanirushia ndoo ya kichwa. Droni ilikuwa juu yetu. Tukamsikia binti akipiga ukunga kwenye kipaza sauti, akiita wenzake kwamba jamani, maiti wa bluu ameamka na anatukana.

Hazikupita dakika kumi: mashua mbili, daktari, vidonge. Daktari kasema wangechelewa hadi jioni, wasingemkuta hai.

Nani kamwokoa? Sijisifu.

Jumamosi, 18 Aprili
Kambini, uwanja wa shule. Mama mkwe amepona, ananitukana vizuri. Kinyozi kaninyoa bure na kunipa pole ya marehemu wangu watatu waliobaki. Nimeipokea. Pole haikataliwi.

Kesho droni itahesabu watu walioketi mbele ya kila hema, blanketi zigawiwe kwa idadi. Hema la jirani lina vikongwe wawili wanaotetemeka kwa baridi usiku kucha. Siwezi kuvumilia, lazima nao wapate blanketi za ziada.

Kosa letu lilikuwa joto tu. Safari hii watu wangu wa mito nitawaketisha kwanza karibu na jiko la kambi, moto uwaingie barabara. Mapipa ya mafuta ya taa yatafaa kuwaegemeza. Nimeshamwomba mama mkwe lile gauni la bluu. Ameenda kutafuta ndoo.