Mizani Yako ya Jikoni na Njaa Yangu ya Jumapili

Wifi mpendwa, mke wa kaka yangu wa pekee,

YAH: KUPIMIWA CHAKULA KAMA DAWA

Natumai u mzima, na mizani yako nayo ni nzima. Mimi sijambo, ila nimepungua. Nakuandikia kwa heshima zote kuhusu chakula cha mchana ulichotuandalia Jumapili, maana nasikia kikao cha familia kimekukabidhi upishi wa sherehe ya Mama kutimiza miaka sabini. Kazi hiyo ya sherehe ya Mama nimeifanya mimi kila mwaka, kwa miaka ishirini na miwili, kwa jicho na mkono, bila kumuuliza mtu uzito wa wali wake.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Wiki moja kabla, ulitupigia simu mmoja mmoja kuuliza kama sisi ni walaji wadogo, wa wastani au wakubwa. Wifi, jamani! Mtu mwenye adabu zake akiulizwa hivyo husema anakula kidogo tu, kisha mwenyeji humpakulia mlima, naye hulalamika huku akiumaliza. Mimi nilisema kidogo. Wewe ukaandika kwenye daftari! Nikapewa gramu mia na hamsini za wali na vipande viwili vya nyama vilivyokuwa vinaonana kwa mbali.

2. Ukoo mzima ulijibu kwa adabu kama mimi, isipokuwa Mjomba, ambaye adabu hajawahi kuwa nayo. Alikwambia wazi kwamba yeye anakula sana. Basi tukakaa watu kumi na wanne na visahani vyetu, tukimtazama mtu mmoja akitafuna. Akaomba hadi kijiti cha kuchokolea meno. Sisi hatukuwa na cha kuchokoa.

3. Juisi uliipima kwa kikombe chenye mistari. Nilipoinua bilauri kuomba nyongeza, ulinitazama kwa huruma, ukafungua daftari.

4. Sufuria zilibaki tupu, hata ukoko hakuna. Bakuli langu lenye mfuniko, nililokuwa nimelificha mkobani, lilirudi nyumbani halijafunguliwa. Nilipofika kwangu nilikaanga mayai matatu, bila kuyapima.

5. Lililoniuma kuliko yote: kaka alikusifu mbele za watu kwamba hakuna kilichotupwa. Mimi nimetupa mabaki ya sahani za wageni miaka yote hiyo, na hakuna aliyenisifu.

Kwa hiyo naomba mizani akabidhiwe Mjomba, aifungie kabatini hadi sherehe ipite, nami nirudishiwe mwiko wangu. Ikishindikana, basi tupimwe wageni wenyewe, mlangoni, tukiingia na tukitoka. Atakayetoka na uzito uleule arudishwe mezani. Hapo hata wewe utaona haki imetendeka.

Nisalimie kaka, watoto wote, na Mjomba pia, kama ameshaweza kuinuka kitini.

Ni mimi wifi yako mkubwa,
Mlaji Mdogo (kwa mujibu wa daftari)

N.B. Jana Mama kaniambia jambo. Mwaka jana, nilipompikia sherehe yake kwa kukadiria, aliwapisha wageni wote wapakue kwanza, na zamu yake ilipofika sufuria zilikuwa zimekwisha. Alikula mkate na chai jikoni, akanificha nisije nikaaibika. Nimelia, wifi. Njoo na mizani yako, mimi nitakuoshea mchele. Chakula cha Mama kipime wewe mwenyewe, ukiweke kando kabla mtu hajagusa upawa. Na akikwambia anakula kidogo tu, usiandike.