Malalamiko Kuhusu Sehemu ya Mbele ya Ubongo Wangu

Kwa Bi Gunhild Rønne,
Mratibu wa Kozi ya Wazazi, "Ujue Ubongo wa Mwanao",
Manispaa ya Vesterlund, ghorofa ya tatu.

Bi Gunhild mheshimiwa,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakusihi ufunge mlango, na barua hii usiisajili. Najua sheria: kila karatasi inayoingia manispaa huandikishwa, na mwananchi yeyote wa Denmark anaweza kuomba kuisoma. Mama yangu ni mmoja wa wananchi hao, na ana muda. Mimi mwenyewe ni karani wa ghorofa ya kwanza, dawati la malalamiko ya mapipa ya taka, bado niko kwenye miezi ya majaribio, kwa hiyo naandika kwa hofu.

Siipingi sayansi. Nimesoma vijitabu vyako vyote. Mtoto wa miaka mitatu anayejitupa chini dukani si mkorofi, ubongo wake umefurika. Mzazi apige magoti, aitaje hisia, asubiri. Hayo nayakubali. Tatizo ni kijitabu cha mwisho, kinachosema kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima na kuamua, huendelea kukomaa mpaka miaka ishirini na mitano hivi. Mimi nina ishirini na minne. Mama yangu, Inger-Lise Tofthøj, alipewa nafasi katika kozi kwa sababu viti vilibaki, na hana mtoto mwingine wa kufanyia mazoezi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Napigiwa magoti. Niliposema sitakuja kula Jumapili, mama alishuka mpaka sakafuni na magoti yake mabovu, akanitazama machoni: "Naona una hasira, mwanangu. Hasira yako inaruhusiwa." Nikamwambia sina hasira. "Na kukataa nako kunaruhusiwa." Hapo ndipo hasira iliponipanda, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyengoja basi likafika kwa wakati.

2. Sina tena njia ya kumpinga. Nikikubaliana naye, ni sehemu ya mbele inayokua vizuri. Nikikataa, ni lozi, yaani kile kiini cha ubongo chenye umbo la lozi kinachopiga kengele ya hatari. Zamani mama alishinda kila ubishi kwa sababu yeye ni mama. Sasa anashinda kisayansi. Hata nikibamiza mlango, kubamiza mlango nako kumo kijitabuni, pamoja na mchoro.

3. Alimpigia simu mkuu wangu, Preben, "kumwelimisha tu". Preben ni mtu mwema. Sasa hunipa kazi mojamoja, na baada ya chakula cha mchana huniuliza kama nimekunywa maji. Henny wa dawati la pili hana wema huo: "Asger, kuna mtu anafoka kwenye simu kuhusu pipa lake. Utaongea naye, au tuungoje ubongo ufike?" Wamekwisha kununua kamba ya kunifunga na mdalasini wa kunimwagia siku ya kuzaliwa kwangu Novemba, kama afanyiwavyo hapa Denmark kila asiyeoa anapofikisha ishirini na mitano. Yaani ubongo wangu utakomaa nikiwa nimefungwa kwenye nguzo ya taa.

4. Hili ndilo lililonifanya niandike. Wiki moja kabla ya Pasaka nilimposa Signe Aaby, ninayempenda tangu chuo. Akasema atanijibu. Kwenye chakula cha Pasaka, tukiwa tumefika kwenye samaki wa siki, mama aliweka uma chini. "Signe, mpenzi, usimjibu bado. Aliyekuposa si Asger. Ni lozi." Signe alicheka mpaka pombe ikamtoka puani. Kisha akaacha kucheka. "Kwani huyu atakuwa tayari lini?" "Novemba," mama akajibu, kama anayetaja siku ya kuletewa sofa. Signe akanikagua kama baiskeli ya mtumba. "Basi ngoja nifikirie kidogo, Asger." Hajanijibu mpaka leo, nami silali.

5. Kama ndivyo, tuwe wakweli mpaka mwisho. Katika uchaguzi uliopita nilipiga kura kwa lozi. Chama cha meya kilipata kiti chake cha mwisho kwa tofauti ya kura tisa, na katika jengo ninamoishi peke yake wasiofika ishirini na mitano ni kumi na mmoja. Meya akae pembeni. Jeshi nalo liwarudishe vijana wake kwa mama zao, na bunduki zikabidhiwe kwa mtu mwenye sehemu ya mbele.

Naomba basi kozi isimamishwe mara moja. Pia naomba cheti chenye muhuri wa manispaa, kinachosema kwamba Asger Tofthøj anaweza kuamua kuoa, ili nimpelekee Signe kabla hajachoka kufikiria.

Nisalimie wote wa ghorofa ya tatu, yule anayeoka keki za Ijumaa, na watoto wa wanakozi, ambao hawajui wanayosemwa.

Karani wako mwenye wasiwasi na heshima,
Asger Tofthøj

Nyongeza: Signe amekuja kwenye dawati langu sasa hivi, mbele ya Henny na watu wawili wa mapipa. Amesema, "Haya, nimekubali, mjinga wangu wewe. Tunaoana Juni." Henny akapiga makofi. Mimi mikono ilikuwa baridi na moyo ukinidunda masikioni, nikakimbilia stoo ya karatasi, ambako ndiko niliko. Kijitabu chako cha pili, kile cha lozi, kimenieleza neno kwa neno. Kwa hiyo kozi isisimamishwe, na kwenye cheti, nilipoandika "anaweza", tafadhali weka "hawezi". Kifike leo. Usinipigie simu, Preben hunipokelea nisije nikashtuka. Usitume nyumbani, mama huja kunifungulia barua ili kunipunguzia mzigo. Shuka kwa ngazi, pita mashine ya kahawa, kisukume chini ya mlango wa stoo bila kusema neno. Ukikutana na Signe njiani, mpe hongera kwanza.