Mashini Iko Sawa Tu

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa sita

Mashini ya kusaga ilikufa asubuhi. Paa! Moshi. Harufu ya waya. Kisha kimya. Godefroid, mwenye kuiendesha, aliinua mikono kama mutu anayeombewa ku kanisa. Alisema moteri iliungua, umeme ilikuwa inapanda na kushuka tangu jana. Alisema tutoke inje tuambie bamama wenye kungoja.

Nikamuuliza kama eko muzima. Tuseme? Mbele ya Kabedi?

Kabedi eko na mashini yake ngambo ya barabara, ile ya mazutu, mafuta ya dizeli, yenye kunguruma kama lori ya mawe ya shaba. Anangojea tu siku yangu. Tulipofungua, alipita akasema kwa sauti kwamba mashini ya umeme ni kama bwana muzuri: leo eko, kesho hajulikane fasi gani eko. Bamama bakacheka. Sijasahau.

Basi nikapata akili. Nikamwita Wivine, mwenye kupokea mabeseni ya mahindi ku mulango. Nikamwambia polepole: sema Godefroid eko na malaria, analala kwake, bamama barudi kesho. Wivine ni mutu wa kutii. Alienda akasema, hata na uso ya huzuni.

Lakini Godefroid mwenyewe sikumwambia. Nilisahau! Alikuwa amekaa palepale ku kizingiti, anakula mikate ya mafuta, anasalimia batu. Mama mumoja akamuuliza tangu lini malaria inapenda mikate. Akajibu: malaria gani? Bamama bakashika mbavu. Mwingine akamwambia Wivine aendelee kuomba, wagonjwa wake banapona haraka.

Balienda, lakini mabeseni ilibaki mu mustari. Njo desturi yetu: beseni inakushikia fasi, wewe unaenda kuangalia batoto. Sasa mabeseni yote inaniangalia mi.

Kisha nilimuangalia Godefroid, nikaona kweli amekonda kidogo. Nikamupatia chai na sukari mingi. Ile malaria ya uongo isije ikasikia jina yake ikakuja.

Jumanne, tarehe 9

Fundi wa moteri alitoka Manika. Alifungua, akatikisa kichwa. Nyuzi za ndani zote zimekuwa makaa. Akasema itarudi pengine Ijumaa, pengine kesho yake. Nikamuomba apitishe moteri ku mulango ya nyuma, aifunike na kitenge, aibebe kama mutoto muchanga. Akafanya vile. Jirani akamuuliza mutoto ni wa nani. Akasema wa Mama Abigaëlle! Tangu ile saa batu banakuja kunipongeza. Umri yangu hii!

Abigaëlle, binti yangu, eko na telefoni yenye bitu yote. Ndani yake kuko sauti ya mashini, aliirekodi siku ya kufungua. Tukaiweka ku bafle kubwa, spika ya muziki, mulango imefungwa. Vuuuuu! Hata mi mwenyewe nilifurahi, kama ni kweli. Batu bakaanza kuja. Wivine akauliza kama mashini ilipona. Nikamwambia asiulize, apokee mabeseni. Aliniangalia namna fulani. Sikuelewa.

Kisha Simone akafika. Simone ni rafiki yangu, njo yeye alinishika mukono siku nilizaa Abigaëlle. Baba mukwe yake alikufa. Kilio iko kwao Kasulo, batu banatoka Fungurume na hata kaskazini kule, kesho banazika. Alileta beseni ya mahindi imejaa mpaka juu. Akauliza kama bunga itakuwa tayari kesho asubuhi, sababu batu bakitoka ku makaburi sharti bakute bukari, ule ugali wetu. Macho yake ilikuwa mekundu. Nilitaka kusema. Nakuapia, nilitaka! Kinywa ikafunguka. Ikatoka: usiwe na shaka, mama, utakuta tayari.

Mama yangu weee.

Alipokata kona tu, ile sauti ya bafle ikafika ku mwisho wake. Vuuu ikasimama. Bigelegele ikapanda. Kisha sauti yangu mi, wazi kabisa, mutaa yote inasikia: «Leo Kabedi atalia!»

Kabedi akatoka inje. Akachukua kitambaa, akajipangusa macho ya kukauka, akaita: «Nalia, mama, nalia, kuja uone!»

Nikasema ni redio. Bamama babili bakachukua mabeseni yao bila kuaga.

Jumatano, tarehe 10

Mahindi ya Simone ingali mahindi. Fundi hajulikane fasi gani eko. Akili ikabaki moja tu: kupeleka beseni kwa Kabedi kwa siri. Nitume Wivine.

Wivine hakukuwa pale. Godefroid akasema alienda kuomba kazi kwa Kabedi. Eti mutu anayeongea chini chini na binti yake, anayetoa moteri ku mulango ya nyuma imefunikwa, anauza mashini. Anakufukuza bila kukuambia. Kisha Godefroid mwenyewe, macho chini, akauliza kama yeye pia atafute kwingine. Eko na batoto. Nikasema hapana, hapana, kabisa! Pale njo ningemweleza. Lakini jua ilikuwa inapanda. Nikamwambia aende kuwasha bafle.

Nikaenda mi mwenyewe. Kitenge ku kichwa mpaka ku macho. Mahindi ya Simone nikayatia mu beseni ingine. Mustari ya Kabedi ilikuwa ndefu. Na kwetu beseni ya kilio haikae mu mustari. Unasema tu «ya kilio», batu wote banakupisha, hata kama balifika mbele ya jogoo kuwika. Neno moja! Lakini bataniuliza kilio ya nani. Nikisema Simone, bataniuliza kwa nini mahindi yake haikusagwa kwangu, mashini ikinguruma vile. Basi nikanyamaza. Nikakaa nyuma kabisa, nakula vumbi.

Kabedi akaniangalia sana. Akasema kwa sauti kubwa: ule mama mugonjwa kule nyuma, mwenye kuvaa kitenge ya Mama Abigaëlle, akuje kivulini. Mi nikakohoa.

Kisha nikasikia nyimbo. Magari ya kilio inarudi kutoka ku makaburi, matawi mbele, batu banaimba juu. Inapita palepale barabarani. Nikafunga macho. Bukari hakuna. Bunga hakuna. Mbele yangu mabeseni tu.

Nilipofungua macho, Simone alikuwa amesimama mbele yangu. Alikuwa ametoka kwangu. Alikuta mulango inanguruma, akafungua, ndani bafle na Godefroid tu. Godefroid hawezi kusema uongo kama hujamufundisha. Alimwambia Simone yote, hata fasi niko.

Simone hakupiga kelele. Alitia mukono mu beseni, akaangalia mbegu. Akasema hii ni mahindi yake. Kisha akageuka, akainua sauti: «Ya kilio!»

Mustari ikafunguka palepale. Mama mumoja akainua beseni, ingine akasukuma batoto pembeni. Kabedi mwenyewe akamimina mahindi mu mashini. Hakucheka. Hata kidogo. Ile iliniuma kupita kicheko.

Batu ba kilio balikula jua ikizama. Bazee balingoja, maji inakauka mu sufuria.

Mbele ya kubeba bunga yake, Simone akaniambia neno. Eti mashini kufa si haya. Hata baba mukwe alikufa, na balisema siku ileile, batu bakajipanga. Mi nilishindwa nini kusema mashini? Ningemwambia jana, angevuka barabara tu.

Kitenge ilikuwa mu kinywa.

Alhamisi, tarehe 11

Nilienda Kasulo. Nilikaa ku mwisho wa mukeka, fasi ya batu habajulikane. Simone akakuja mpaka kwangu. Nikangoja matusi. Akanipa mwiko.

Sufuria ilikuwa kama pipa! Nilikoroga bukari mpaka mabega ikaita mama yao. Batu balikula, bakaomba ingine. Hakuna mutu alinitukana. Shangazi mumoja tu aliuliza kama ni mi njo mwenye mashini yenye kuongea.

Simone alinipatia maji. Akasema siku ingine niseme mapema. Kwanza niambie bale wenye kutumika kwangu, kisha niambie bamama. Mapema, wazi, bila kuzunguka. Nikaapa mbele ya batu.

Nilirudi, nikaita Wivine na Godefroid. Nikasema yote: moteri iko kwa fundi, hakuna kuuza, hakuna kufukuza mutu. Wivine akalia. Mi nikalia. Godefroid akasema yeye alilia tangu jana. Wivine akaeleza kwamba Kabedi alimurudisha. Alimwambia: ule mama yako ni muongo, lakini anawapenda, rudia kwake.

Kabedi alisema vile! Sipendi kusikia mazuri ya Kabedi. Inaniletea kiungulia.

Jumamosi, tarehe 13

Moteri ilirudi. Safari hii ku mulango ya mbele, bila kitenge, batu wote bakiona. Bale walinipongeza mutoto bakasikitika kidogo.

Vuuuuu ya kweli! Simone njo wa kwanza kuleta beseni. Alinishika shavu. Kabedi aliniangalia kutoka kwake, akainua kidole gumba. Nikainua na mi. Nilijilazimisha, lakini niliinua.

Jumatatu, tarehe 15

Jana ku kanisa nilifikiri sana, hata mahubiri ilinipita. Kusema mapema! Simone eko na haki kabisa. Lakini mapema ni saa gani? Mashini ikishakufa, ulishachelewa. Njo mulemule mu wimbo wa pili akili ikanifikia.

Leo asubuhi niliita kwanza Wivine na Godefroid, kama niliapa. Nikabaambia wazi: mashini itakufa. Bakauliza lini. Nikasema sijui, lakini musiseme sikuwaambia. Godefroid akaenda kugusa moteri kama ina joto.

Kisha nikaweka kibao ku mulango, maandiko makubwa: MASHINI ITAKUFA. TUNAOMBA PARDON. MUENDE KWA KABEDI. Nikasimama barabarani mi mwenyewe, bila kitenge ku uso. Kila mama mwenye beseni, nikamwambia wazi, bila kuzunguka. Bote balinisikiliza. Bote balisema aksanti. Hakuna hata mumoja alicheka! Balibeba mabeseni yao, bakavuka.

Sasa ni saa sita. Mustari ya Kabedi imepita duka ya mukate, inaelekea ku kanisa. Simone eko mule. Ananifanyia alama na mikono, kama mutu anayeuliza kitu. Nikamupungia, nikacheka naye. Ataelewa.

Godefroid aliwasha mashini kuangalia kama ilikufa. Bado. Inanguruma muzuri sana, sauti laini kama haijapata kuungua. Wivine amekaa, anasuka nywele. Ku mulango hakuna hata beseni moja.

Kumbe ukisema kweli, unapumzika hivi!